Kitoweo Kwanza: Mwongozo wa Chakula kwa Mama Kijacho

Mimba ikishaonekana, kila mtu ana la kusema kuhusu chakula chako. Mama mkwe anakukataza mayai, eti mtoto atazaliwa kipara. Jirani anataka uache nanasi. Shoga yako anakuletea pemba iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Mumeo naye, kwa mapenzi tu, anakusogezea bonge jingine la ugali: kula, mko wawili. Mimi swali langu ni jingine kabisa. Kitoweo kilipogawanywa jana usiku, wewe ulipata nini?

Kwa nyumba nyingi jibu ni mchuzi. Minofu kwa baba, vipande vidogo kwa watoto, mchuzi kwa mama aliyepika. Ugali haukosekani na mama anashiba, lakini tumbo kushiba hakumjengi mtoto. Mwili wa mtoto unataka protini, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini, na vitu hivyo utavipata kwenye kitoweo, mboga za majani na matunda kuliko kwenye sembe. Kwa hiyo agizo kubwa la mwongozo huu ni moja: kitoweo na mboga kwanza, ugali ufuate. Na kama wewe ndiye unayepakua, jipakulie kabla bakuli halijafika mezani. Si uchoyo. Mumeo akielezwa sababu, hasa akielezwa na nesi siku mtakayokwenda kliniki pamoja, mara nyingi huwa wa kwanza kukusogezea paja la kuku.

Mko wawili, ila mmoja ni mdogo sana

Miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji karibu chakula chochote cha ziada. Kuanzia mwezi wa nne unahitaji kama kilokalori 340 zaidi kwa siku, na miezi mitatu ya mwisho kama 450. Kwa lugha ya jikoni, bakuli la uji wa ulezi wenye maziwa pamoja na yai moja la kuchemsha linatosha nyongeza ya kwanza. Tia ndizi mbivu juu yake na umeikaribia ya pili. Bonge la pili la ugali halihitajiki, isipokuwa kwa mama anayelima au kubeba mizigo kutwa. Huyo aongeze wanga kadiri ya kazi yake, mradi kitoweo kisipungue.

Mwanamke aliyeanza mimba akiwa na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 mpaka kujifungua. Aliyekuwa mwembamba anahitaji zaidi ya hapo, aliyekuwa mnene anahitaji pungufu. Baada ya miezi mitatu ya mwanzo, ongezeko linalokaribia nusu kilo kwa wiki ni zuri. Nesi anaandika uzito wako kwenye kadi kila unapohudhuria. Mwombe akueleze mwelekeo wake, usikubali kuandikiwa tu na kurudishiwa kadi.

Kuna jamii, Wamaasai miongoni mwao, ambako mama hupunguziwa chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa na kujifungua kuwe rahisi. Ukiishi mbali na hospitali, hofu hiyo inaeleweka. Lakini mtoto anayezaliwa na uzito mdogo huugua na kufa kirahisi zaidi, na mama aliyekonda na kupungukiwa damu huingia kwenye uchungu bila akiba. Dawa ya hofu hiyo ni kupanga mapema kujifungulia kwenye kituo kinachoweza kufanya upasuaji, na kutenga nauli.

Sokoni na jikoni

Kitoweo si lazima kiwe nyama ya ng'ombe. Dagaa, wa Mwanza au wa Kigoma, huliwa mzima na mifupa yake, hivyo hukupa protini, chuma na kalsiamu kwa mpigo, na huuzwa kwa vipimo ambavyo hata mfuko mwepesi unavimudu. Wachambue, waoshe kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe, kisha wakaange na kitunguu na nyanya za kutosha. Maharage, kunde, choroko na mbaazi loweka usiku kucha na kumwaga maji yake. Wengi hufanya hivyo kuokoa mkaa, lakini kuna faida ya pili: kuloweka hupunguza kemikali za asili zilizomo kwenye punje ambazo hung'ang'ania madini na kuyazuia yasiingie mwilini.

Mboga za majani ni utajiri wetu ambao tunauonea haya. Matembele, majani ya maboga, mchicha, mnafu, mlenda: badilisha, usile aina moja wiki nzima. Zioshe kabla ya kuzikata, zipike muda mfupi, na usimwage maji yaliyochemshia, maana asidi ya foliki hutoka na kubaki humo. Kisamvu ndicho kisichotaka haraka. Kitwange vizuri na kukichemsha mpaka kiive kabisa ili sumu yake ya asili itoke. Na muhogo mchungu usiuguse kama haujaandaliwa na mtu anayejua kuuvundika na kuukausha.

Ulezi una kalsiamu kuliko nafaka nyingine tunazokula, na wewe unahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Uji wake, maziwa yaliyochemshwa, mtindi na dagaa vitakufikisha mbali. Unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu kumi, unaouzwa kwa sifa nyingi, mimi siushabikii. Karanga na soya zikishasagwa pamoja na nafaka huharibika upesi, na hujui zilikuwa katika hali gani kabla ya kusagwa. Pika uji wa ulezi mtupu, kisha tia maziwa au karanga ulizosaga mwenyewe.

Hapo hapo kuna jambo la sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo ya ukungu. Kuchemsha hakuiondoi. Chambua karanga na mahindi kwa macho yako na kutupa punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Karanga za bei ya kutupa mara nyingi ni zile zilizokataliwa na wengine.

Chumvi iwe yenye madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na moto, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Madini hayo ndiyo yanayosaidia ubongo wa mtoto kukua.

Damu

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wajawazito nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu, yaani kipimo chao kilikuwa chini ya gramu 11 kwa desilita. Ukitoka kliniki na kitu kimoja tu kichwani, basi kiwe namba yako ya damu. Mama mwenye damu pungufu huchoka, huhema kwa shida, na akitokwa na damu wakati wa kujifungua hana cha kupoteza.

Mjamzito anahitaji miligramu 27 hivi za chuma kwa siku, na si rahisi kuzipata kwa chakula pekee. Chuma cha nyama, samaki, dagaa na kuku mwili hukichukua kwa wepesi. Kile cha mchicha na maharage hukichukua kwa kusitasita. Hapa ndipo ujanja wa jikoni unapofanya kazi. Ukichanganya dagaa kidogo kwenye mchicha, mwili huchukua hata kile chuma cha mchicha vizuri zaidi. Ndimu, chungwa, pera, embe au ubuyu vikiliwa pamoja na chakula hufanya kazi hiyo hiyo kwa sababu ya vitamini C. Kamulia ndimu kwenye mboga ikishaipuliwa.

Adui ni chai. Sizungumzii chai nyingi. Ni ile ya kawaida, ya rangi au ya maziwa, inayoteremshia chapati na maharage asubuhi. Majani ya chai hukamata chuma cha chakula na kutoka nacho. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Ihamishe chai: inywe saa moja au mbili baada ya kula, na wakati wa chakula kunywa maji au juisi ya ukwaju isiyojaa sukari. Sijui badiliko jingine lisilogharimu hata shilingi ambalo linaongeza damu kiasi hicho, na sijui jingine ambalo watu hulipinga kama hili. Pwani, kumwambia mtu aache chai na vitumbua vyake ni kama kumwita mgomvi. Basi kula vitumbua na chai saa nne, ilimradi mayai, maharage na dagaa vipate nafasi yao bila chai.

Rozela na biti, ambavyo kila muuza juisi anakwambia vinaongeza damu, vinapewa sifa kwa ajili ya rangi yake. Wekundu si chuma. Usiifanye rozela kuwa dawa ya kunywa chupa kwa chupa ukaacha vidonge.

Vidonge vyenyewe, ambavyo wengi huviita FEFO, vina chuma na asidi ya foliki, na hutolewa kliniki. Asidi ya foliki hukinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi. Tatizo ni kwamba uti wa mgongo huumbika ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kama wameshika mimba. Kama unapanga kupata mtoto, anza mikrogramu 400 kila siku kabla mimba haijaingia. Kama umeshapata, usisubiri tumbo lionekane. Nenda kliniki kabla ya wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane mpaka kujifungua.

Vidonge hivyo hugeuza choo kuwa cheusi. Ni kawaida. Vikikutia kichefuchefu, vimeze usiku baada ya chakula. Vikikufungia choo, ongeza maji, papai bivu na mboga, na kutembea. Usivimeze na chai wala maziwa, na kama umepewa vya kalsiamu, vimeze wakati tofauti. Onyo moja ambalo wauza dawa wengi hawalitoi: vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5, vinavyouzwa madukani, hupunguza nguvu ya SP unayopewa kliniki kukinga malaria. Usivinunue kwa kujiamulia.

Na damu haipungui kwa chakula tu. Malaria huiharibu, minyoo ya safura huinyonya. Lala kwenye chandarua, vaa viatu shambani, na meza dawa ya minyoo utakayopewa kliniki baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Ukila maini kila Jumapili huku safura inakunywa damu kila siku, fedha yako inapotea.

Pemba

Nimeitengea pemba sehemu yake kwa kuwa inaliwa kuliko inavyosemwa. Udongo huo, ambao Wakenya wana wa kwao wanaouita odowa, unauzwa wazi sokoni kandokando ya tangawizi na karafuu, na mama anayeutamani hana kosa. Mara nyingi hamu hiyo huambatana na upungufu wa damu, ingawa udongo wenyewe hauongezi damu. Kinyume chake, hushika chuma tumboni na kukizuia, na pemba zilizopimwa huko Kanda ya Ziwa zimekutwa na risasi na aseniki. Risasi hupita hadi kwa mtoto na kudhuru ubongo wake. Udongo ukitoka mahali pachafu, mayai ya minyoo nayo yamo.

Kumgombeza mtu kwa kula pemba humfanya aile chooni, mlango ukiwa umefungwa. Mwambie nesi wazi kwamba unaila, upimwe damu. Wengi hamu hupungua damu ikipanda. Wakati huo tafuna kitu kigumu kingine: kipande cha karoti, mbegu za maboga zilizokaangwa, ubuyu usiotiwa rangi. Wanaotafuna mchele mbichi au barafu nao wapimwe, kwani hiyo ni hamu ya ukoo mmoja.

Mimba inapokataa chakula

Katika miezi ya mwanzo sahau sahani iliyopangwa vizuri, kula kinachokaa. Kabla hujainuka kitandani tafuna kitu kikavu, kipande cha mkate au kiazi kitamu cha jana, ukae kidogo kisha uamke. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa mbili tatu, kwa sababu tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Vyakula baridi havitoi harufu kali, na kama harufu ya kitunguu kinachokaangwa inakuondoa nyumbani, mtu mwingine apike kwa wiki kadhaa. Tangawizi husaidia wengi. Kama hata maji hayakai kwa siku nzima, mkojo umekuwa mchache na mweusi, au uzito unashuka, usiendelee kuvumilia kwa kuambiwa ndiyo mimba ilivyo. Nenda hospitali uwekewe maji.

Baadaye kiungulia kitachukua zamu. Milo midogo, pilipili na mafuta kidogo, na usilale mara baada ya kula.

Ya mama mkwe, na yale ambayo hakuyataja

Mayai hayamfanyi mtoto kuwa kipara. Ni protini ya bei nafuu na ya haraka, na kama kuna mwiko mmoja wa kuuvunja kwa heshima, uanze na huu. Samaki hali kadhalika. Nanasi kwa vipande vya kawaida halitoi mimba, na papai bivu ni rafiki yako. Lile bichi, lenye utomvu mweupe, ndilo la kuliacha.

Hatari za kweli hazina hadithi nzuri, pengine ndiyo maana hazisimuliwi. Maziwa yasiyochemshwa, pamoja na mgando uliotokana nayo, hubeba vijidudu vinavyoweza kuharibu mimba. Mishikaki ambayo katikati bado ni myekundu, chipsi mayai ambayo yai lake linateleza, kachumbari iliyooshwa kwa maji usiyoyajua: viache, au vipike mwenyewe. Papa, hata aliyekaushwa, hukusanya zebaki mwilini. Chagua samaki wadogo, vibua na dagaa. Maini yana chuma kingi kweli, ila yana vitamini A nyingi mno, ambayo ikizidi hudhuru mtoto, hasa mwanzoni. Kipande kisizidi nusu ya kiganja, tena si zaidi ya mara moja kwa wiki. Usichanganye na vidonge vya mafuta ya ini la samaki.

Pombe, acha yote, ya kiwandani na ya kienyeji. Kahawa isizidi kikombe kimoja cha kawaida kwa siku, na vinywaji vya kuongeza nguvu visiguswe. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai, na kisukari cha mimba kinaweza kumpata hata asiyewahi kuwa nacho. Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu zikatae hata zikiletwa na mtu unayemheshimu sana: huweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi mpaka upasuke.

Ramadhani ikiingia

Sheria ya Kiislamu inampa mjamzito ruhusa ya kula akihofia nafsi yake au mtoto, na namna ya kuzilipa siku hizo utamuuliza shehe wako. Mwenye damu pungufu, kisukari, mapacha au uzito usiopanda asifunge. Anayeona anaweza, azungumze kwanza na daktari. Daku lake lisiwe wali na chai tu. Liwe na mayai au maharage na maji mengi, na vidonge vya damu avimeze usiku. Kizunguzungu, au mtoto kupunguza kucheza, ni sababu ya kufungulia papo hapo.

Jikoni si hospitali

Uso na mikono kuvimba ghafla, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe: hizo ni dalili za kifafa cha mimba, na hazitibiwi kwa kuacha chumvi. Damu ukeni, homa, au mtoto kuacha kucheza, nenda kituoni saa hiyo hiyo. Viganja na ndani ya kope vikiwa vyeupe, usiongeze mchicha ukasubiri, ukapimwe.

Mtori, ambao Kilimanjaro humpikia mama akishajifungua, hauna sababu ya kusubiri mpaka siku hiyo. Chemsha nyama yenye mfupa hadi ilegee, tia ndizi zilizomenywa, kitunguu na karoti, viive mpaka vipondeke, uvuruge na kukamulia ndimu. Uanze mwezi wa nne. Vidonge vya damu navyo usiviache siku ya kujifungua. Endelea navyo wiki 6 hadi 12 zinazofuata, na siku utakayompeleka mtoto chanjo, omba upimwe damu na wewe.